Presha ya kabini ikipotea: tuliyojifunza kwenye ndege za Mombasa

Anayepanda ndege Nairobi akaja kushukia Mombasa hufundishwa presha na masikio yake mwenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Moi, hapa kwetu, uko kama futi 200 tu. Kwa hiyo hewa iliyomo ndani ya ndege nayo ina safari yake ya kuteremka, futi 5,000 na ushei, mbali na safari ya ndege yenyewe. Mitambo huiteremsha taratibu, kwa kasi ya futi 350 hivi kwa dakika, ndiyo maana robo saa nzima kabla ya magurudumu kugusa lami watoto huanza kulia. Safari ya kwenda Nairobi haina kilio hicho. Hewa ikipungua nje ya sikio, iliyomo ndani hujitokea yenyewe. Ikiongezeka, kuirudisha ndani ndiyo kazi.

Pakiti ya krispi za muhogo iliyofungwa Mombasa hufika Nairobi imetuna, kwa sababu hewa yake imetanuka kwa sehemu moja ya tano hivi. Chupa ya maji uliyoimaliza juu ya Tsavo ukaifunga kizibo hushuka Moi imebonyea. Hapo hakuna hitilafu. Ni hewa tu ikifuata kanuni yake, na mwenye kuielewa chupa hiyo ameshaelewa nusu ya mambo yatakayofuata.

Sisi tunaozihudumia ndege hizi, wengine kwa spana na wengine kwa toroli la chai, tumejifunza kuigawa shida ya presha mafungu mawili. Kuna presha inayoondoka kwa kishindo, na kuna inayoondoka kimya. Ya kishindo ina ukungu ghafla, upepo, vumbi, karatasi zinazoruka, baridi kali na masikio yanayopasuka kwa maumivu. Inatisha, lakini kila mtu anajua kuna jambo. Ya kimya haina dalili yoyote ya kumshtua mtu, na kiungo cha kwanza kulegea ni ubongo uleule uliotakiwa kuigundua. Karibu kila utaratibu wa ndani ya ndege unaohusu presha umetungwa kwa ajili ya hii ya pili.

Kwanza ieleweke hewa inakaaje mle ndani. Wengi hudhani ndege hujazwa hewa chini kisha ikafungwa kama debe. Sivyo. Kabini ni kama tairi lililotobolewa makusudi huku pampu ikiendelea kulijaza. Injini huvuta hewa ya nje na kuibana, sehemu ya hewa hiyo ya moto huchotwa, hupita kwenye mashine mbili za kuipoza ambazo mafundi huziita paki, kisha huingia kabini bila kukoma. Nyuma ya ndege, chini, kuna vali inayoiachia hewa itoke. Vali hiyo ikijibana kidogo, presha hupanda, ikijiachia, hushuka. Kompyuta ndiyo inayoicheza muda wote. Kwa hiyo ili presha ipotee si lazima kitu kitoboke. Pampu ikisimama, au tundu likabaki wazi, matokeo ni yaleyale.

Hesabu yake si ngumu, maana kizio ni kilekile cha kipimo cha tairi pale kituo cha petroli, pauni kwa kila inchi ya mraba. Usawa wa bahari, hewa hutusukuma kwa 14.7. Futi 35,000 angani hubaki 3.5 tu, na nje kuna baridi ya nyuzi 54 chini ya sifuri. Ndani, kabini huwekwa isizidi kimo cha futi 8,000, yaani hewa kama ya mlima wa kimo hicho, 10.9 hivi. Tofauti ni 7.4. Mbele ya tairi la matatu ni tarakimu ndogo, lakini tairi halina ukubwa wa mlango. Ukiizidisha kwa eneo la mlango mmoja wa abiria wa Boeing 737 unapata uzito wa tani 8 hivi ukiukandamiza kwenye fremu yake. Milango hiyo hukaa kama kizibo kinachobanwa kutoka ndani, kwa hiyo katikati ya safari hakuna binadamu awezaye kuufungua, hata awe na nguvu za mchukuzi wa Kilindini. Karibu na ardhi ni mambo mengine: Mei 2023 huko Korea Kusini, abiria aliufungua mlango wa Airbus A321 ikiwa imebakiza futi 700 hivi kutua.

Marubani wana vipimo vitatu vya kutazama: kimo cha kabini, tofauti ya presha ya ndani na ya nje, na kasi ya kabini kupanda au kushuka. Vitatu hivyo husomwa pamoja. Kimoja peke yake hudanganya, na hapa kuna jambo ambalo mgeni wa njia zetu hulikosa. Ndege inayotoka Nairobi ikifika futi 10,000, kabini kusoma 6,000 si ajabu, kwa sababu ilianzia 5,330. Ndege inayotoka Mombasa ikifika kimo hichohicho, kabini ingepaswa kuwa haijapita 2,000 hivi. Ikisoma 6,000, hiyo ni ndege inayovuja au isiyopata hewa kabisa. Tarakimu ileile ni nzima huku na mgonjwa kule. Mwenye kukariri nambari bila kukumbuka alikotoka, siku moja itampita mbele ya macho.

Hitilafu nyingi huanzia kwenye swichi kabla ya kufikia bati. Chukua joto la hapa la Februari na Machi. Hewa ya moto ni nyepesi na injini huzaa nguvu kidogo, basi ndege nzito inayokwenda mbali huenda ikaruka bila kuchota hewa ya injini, ili nguvu yote iende kwenye msukumo. Paki hulishwa na injini ndogo ya mkiani kwa muda. Baada ya kuruka, swichi sharti zirudishwe. Zikisahauliwa, injini ile ndogo ya Boeing 737 huweza kulisha paki hadi futi 17,000 tu. Kupita hapo kabini huanza kupanda pamoja na ndege. Hakuna kilichovunjika. Mtu alikatizwa na redio katikati ya orodha ya ukaguzi, akaendelea kutoka mahali pasipo. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni moja: ukikatizwa, rudi mwanzo wa orodha, si pale unapodhani uliishia.

Ya pili ni kimo cha uwanja wa kutua, ambacho kwenye aina nyingi huwekwa kwa mkono. Wakienda Nairobi na kubakiza futi 200 za Mombasa, ndege hutua ikiwa na presha ya bahari ndani na ya mlimani nje. Tofauti hufika 2.5, na mlango unaotakiwa kufunguliwa unabanwa na karibu tani 3. Kawaida vali hufunguka magurudumu yakigusa chini na hewa yote kutoka kwa mkupuo, abiria wakashika masikio. Wakija Mombasa na kubakiza kimo cha Nairobi, kabini hugoma kushuka mpaka ndege inaishia kuwa chini ya kimo cha kabini yake. Vali za usalama hulazimika kuvuta hewa ya nje iingie ndani, na hapo ndipo ngoma za masikio huumia kwelikweli. Ni kosa la sekunde mbili linaloepukika kwa kusoma nambari hiyo kwa sauti, mmoja akiitaja na mwingine akiigusa.

Kisha kuna mpira wa mlango. Unapopiga mluzi, hasa ule wa mlango wa nyuma wa jikoni, wahudumu wana ufundi wa zamani wa kushindilia kitambaa kibichi penye mwanya. Maji huganda na mluzi hukoma. Tunaujua ufundi huo na hatuupendi. Hunyamazisha sauti tu, mwanya ukabaki palepale. Mluzi uandikwe kwenye kitabu cha kabini, pamoja na mlango upi, kona ipi, na ulianza ndege ikiwa wapi.

Mpira huo wa mlango ndio ulioanzisha mkasa ambao kila aliye kwenye kazi hii anapaswa kuujua kwa undani. Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens. Usiku uliotangulia, wahudumu walikuwa wameripoti matatizo ya mlango wa nyuma wa kulia. Fundi akaipima ndege presha ikiwa chini, na kwa kipimo hicho kitufe cha kuchagua hali ya presha huwekwa kwenye uendeshaji wa mkono. Hakikurudishwa kwenye otomatiki. Marubani walikipita mara tatu: ukaguzi wa kabla ya kuondoka, wa baada ya kuwasha injini, na wa baada ya kuruka. Ndege ikapanda na vali ikiwa wazi kwa sehemu.

Ilipopita futi 12,000, honi ikalia. Kwenye 737 za wakati ule honi hiyo ilikuwa ileile inayolia ndege ikiwa chini haijapangwa vizuri kwa kuruka, na marubani waliichukulia hivyo. Wakaanza kuzungumza na fundi kwa redio juu ya taa za kupoza vifaa. Kila dakika ya mazungumzo hayo ndege ilikuwa ikipanda na akili zao zikipungua. Barakoa za abiria zilianguka zenyewe. Wao mbele hawakuvaa zao. Otopailoti iliwafikisha futi 34,000, ikaipeleka ndege hadi Athens na kuizungusha huko mpaka mafuta yakaisha. Watu wote 121 walikufa. Baada ya hapo mamlaka za Marekani ziliagiza taa maalumu za tahadhari ya kimo cha kabini ziwekwe kwenye 737, ili honi isibaki ikisema mambo mawili kwa sauti moja. Lakini kanuni ya mdomoni ni fupi na inafaa kufundishwa hata kwa anayeanza leo: honi hiyo ikilia chini, angalia mabawa, ikilia angani, vaa barakoa.

Linganisha na tarehe 5 Januari 2024, Marekani, ndege ya Alaska Airlines iliponyofoka kipande kizima cha ukuta kikiwa kama mlango, kwenye futi 14,800 hivi. Boliti nne za kukishikilia hazikuwepo. Tundu lilikuwa kubwa la kupitisha mtu, na watu wote 177 walirudi wakiwa hai. Tundu lile kubwa lilisikika na kila mtu. Kitufe kimoja cha Larnaca hakikumpigia kelele yeyote aliyeweza kuielewa.

Ukosefu wa oksijeni hauumi, na hilo ndilo linaloufanya uwe mbaya. Mtu hajisikii kukabwa, kwa sababu hewa ya kaboni anaendelea kuitoa vizuri. Hujisikia vizuri mno, mwepesi, mwenye uhakika, wengine hucheka. Vidole huwasha, mwandiko huharibika, hesabu ndogo humshinda na yeye haoni kama imemshinda. Vitabu husema tazama ngozi ikigeuka samawati, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi rangi hiyo huonekana kwanza kwenye kucha, ufizi na upande wa ndani wa mdomo. Huko ndiko mhudumu atazame. Muda wa akili timamu kwenye futi 18,000 ni dakika 20 hadi 30. Kwenye 25,000 ni dakika 3 hadi 5. Kwenye 35,000 ni nusu dakika hadi dakika moja, na presha ikiondoka ghafla muda huo hukatika karibu nusu. Anayesema atamaliza kwanza kufunga toroli, au atasoma kwanza kipimo vizuri, anatumia sekunde ambazo hana.

Ndiyo maana marubani huanza na barakoa, kabla ya kujua tatizo ni nini. Ya chumba cha marubani hunyakuliwa na kuvaliwa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, ikiwa kwenye oksijeni asilimia 100. Cha pili ni kusikilizana, kwa sababu maikrofoni sasa iko ndani ya barakoa na ikisahauliwa kubadilishwa, wawili hao wanakuwa viziwi ubavu kwa ubavu. Cha tatu ni kuangalia paki na hewa ya injini, kisha kuihamisha presha kwenye mkono na kuifunga vali ya nyuma. Hapa pana hitaji la subira: vali ya 737 kwa mkono huweza kuchukua hadi sekunde 20 kwenda mwisho hadi mwisho, na wasiojua huachia swichi mapema wakidhani haifanyi kazi. Kabini ikitii, wataendelea kuiongoza kwa mkono. Ikikataa, wanashuka.

Kushuka huko kwa dharura abiria hukuona kama kuanguka, na tungependa kila mtu wa pwani anayepanda ndege akuelewe. Injini hurudishwa chini kabisa, vibao vya breki juu ya mabawa husimama, pua huinama, na ndege hushuka futi 5,000 hadi 7,000 kwa dakika. Mtikisiko na mngurumo ni vibao hivyo. Kutoka futi 33,000 hadi 10,000 ni dakika nne hivi. Rubani hutangaza mayday, huweka 7700, nambari ya dharura inayoonekana kwenye rada, na huangalia milima kabla ya kuchagua kimo cha kusimamia. Kwenye njia ya Nairobi na Mombasa, 10,000 inatosha; kilele cha Vuria kule Taita ni mita 2,208, kama futi 7,244. Ukisogea magharibi mambo hubadilika, Kilimanjaro ina futi 19,341. Na kwa ndege zinazotoka Mombasa kwenda Addis Ababa, uwanja wenyewe uko juu ya futi 7,600 na milima ya njiani haikuruhusu kwenda chini popote utakapo. Hilo linapangwa kabla ya kuruka, ramani ikiwa mezani.

Kwa abiria, barakoa huanguka kabini ikifika kimo cha futi 14,000, au rubani akibonyeza. Ivute kwa nguvu mpaka kamba yake ikaze. Mvuto huo ndio unaowasha mtungi, na bila mvuto hakuna oksijeni. Ndege nyingi hazibebi gesi juu ya viti. Zina kopo la kemikali, kloreti ya sodiamu, ambalo likishawaka huzalisha oksijeni kwa dakika 12 hivi kwenye 737, zaidi kidogo kwenye aina nyingine, na halizimiki. Kwa nini 12 tu? Kwa sababu kushuka ni dakika nne. Kopo hupata moto wa zaidi ya nyuzi 200, kwa hiyo harufu ya kuungua itakayosikika ni yake na vumbi lililokaa juu yake. Usisimame kutafuta moto, na usiliguse. Mfuko mdogo chini ya barakoa huenda usijae. Oksijeni inaingia hata hivyo. Tumeona hata kwenye mazoezi watu wakiivua na kuitikisa wakidhani imeharibika.

Jambo la kuvaa yako kwanza kabla ya mtoto linawauma akina mama, na tunaelewa. Mama wa kwetu humlisha mtoto kwanza, humfunika kwanza, iweje leo ajitangulize? Jibu ni zile sekunde 30. Mama mwenye akili timamu atamvalisha mtoto hata akiwa amelegea, na mtoto atazinduka ndani ya muda mfupi. Mama aliyezimia akiwa ameshika barakoa mkononi amewaacha wote wawili. Safu ya viti kwa kawaida huwa na barakoa moja tu ya ziada kwa ajili ya mtoto wa kupakatwa, kwa hiyo anayesafiri na mtoto asikubali kuhamishiwa safu yenye mtoto mwingine wa mapajani bila mhudumu kujua. Mhudumu naye aketi. Akae kiti chochote kilicho wazi, au hata katikati ya abiria wawili, avae, ajifunge. Kupita na mtungi wa mkononi ni baada ya rubani kutangaza kwamba ndege imefika kimo salama, na mahali pa kwanza pa kufungua ni vyooni.

Ndege ndogo za panga boi, yaani propela, zina habari yake. Dash 8 nyingi hazina barakoa za kuanguka, na wateja hutuuliza kama ni ubahili. Zinaruka zisizidi futi 25,000, na sharti la kimataifa ni kwamba kutoka hapo ziweze kushuka hadi 13,000 ndani ya dakika 4. Cessna Caravan zinazokwenda Maasai Mara hazina presha kabisa. Kimo cha ndege ndicho kimo chako.

Hilo linatufikisha kwa wazamiaji wa Diani, Watamu na Shimoni. Aliyezama mara moja akae nchi kavu saa 12 kabla ya kupanda ndege yoyote. Aliyezama mara nyingi, au siku kadhaa mfululizo, saa 18. Nitrojeni iliyomjaa mwilini chini ya maji hutoka polepole, na kabini ikipanda hutoka kwa mapovu. Kwenye Caravan anayepita futi 10,000 yuko juu kuliko abiria wa ndege kubwa. Na ndege kubwa ikipoteza presha akiwa na nitrojeni hiyo, barakoa haiyazuii mapovu hayo. Waendesha watalii wanaopanga kuzama asubuhi na Mara alasiri wapange upya.

Sasa chumvi. Uwanja wa Moi uko karibu na maji ya Port Reitz, na ndege inayolala hapa hulala ndani ya upepo wa bahari. Tarehe 28 Aprili 1988, 737 ya Aloha iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii ilipoteza paa zima la sehemu ya mbele kwenye futi 24,000. Kati ya watu 95 alikufa mmoja, mhudumu aliyekuwa amesimama. Ndege ile ilikuwa imejazwa na kuachiwa presha mara 89,680, safari fupifupi, kwenye hewa ya chumvi. Gundi ya maungio ya bati ilikuwa imeachia na nyufa zilikuwa zimetambaa kutoka tundu la ribiti hadi tundu la ribiti. Bati la ndege huhesabu mara lilizovimba na kunywea, kilomita halizijui. Ndege inayokwenda na kurudi Nairobi mara tatu kwa siku hulivimbisha bati lake mara sita, wakati ile ya Ulaya hulivimbisha mara moja au mbili.

Kwa hiyo mambo madogo hapa ni makubwa. Mifereji ya kutolea maji chini ya tumbo izibuliwe, isiachwe na mchanganyiko wa vumbi na chumvi. Kizingiti cha mlango kifagiliwe mchanga wa Nyali na Diani unaoingia na ndala za watalii, kwa sababu punje moja chini ya mpira hukata mfereji mwembamba ambao jicho halioni. Mpira uoshwe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ukaushwe, upakwe kilichotajwa kwenye kitabu cha ndege hiyo na si kingine. Mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Abiria naye ana sehemu yake. Katika ule mkasa wa Aloha, abiria mmoja aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda, akanyamaza. Ukiona, sema. Mwambie mhudumu wa mlangoni, "Dada, hebu tazama hapa," na hakuna atakayekucheka.

Kwa siku za kawaida, masikio. Mafua yakiwa yameziba pua, ahirisha safari ukiweza. Usilale ndege inaposhuka. Aliyelala hamezi mate. Mtoto anyonyeshwe au apewe chupa tangu ndege iko maeneo ya Voi, asingojewe mpaka aanze kulia. Mkubwa abane pua, afunge mdomo, apulize kidogo kidogo mara nyingi, asipulize kwa nguvu mara moja.

Na ndege ikishatua baada ya hitilafu yoyote ya presha, mlango usiguswe mpaka tofauti ya presha isome sifuri. Kisha, Kepteni, kabla ya kushuka ngazi, andika. Kimo cha ndege wakati huo. Kimo cha kabini. Tofauti ya presha. Kasi ya kabini kupanda. Vali ilikuwa wapi na iliitika kwa mkono au haikuitika. Paki ipi ilikuwa ikifanya kazi. Swichi ziko vipi sasa hivi, na zimeguswa na nani. Fundi akikuta "presha haifanyi kazi vizuri" peke yake, atapima milango yote, paki zote na vali zote usiku kucha, na asubuhi huenda asipate kitu, kwa sababu ndege ikiwa chini kila kitu ni kizima. Akikuta mambo hayo saba, atajua aanzie mkiani au aanzie kwenye injini, na akimaliza kupima atajua swichi ipi airudishe mahali pake.